Gundi Haihimizwi

Mlipokuja kuniaga mlinipa saa ya ukutani, mkaniomba niwaandikie ninayoyajua kabla sijayasahau. Saa nimeitundika. Kusahau bado sijaanza, ila nimeona heri niandike sasa, maana nawajua nyinyi: mkubwa akishatoka karakanani, wiki ya pili tu mnaanza kukata viraka vya kona nne.

Habari za vyeo siandiki. Cheo changu kilikuwa Bi Rukia siku ya kwanza, na kilikuwa Bi Rukia siku ya mwisho. Nitaandika habari ya tiara, zile kubwa zinazomvuta mtu juu ya maji, na namna ya kuzitibu zinapougua mbali na nyumbani. Nyinyi mnaziita kaiti. Mimi utotoni Takaungu tulirusha tiara za karatasi na njiti za makuti, na sioni kwa nini kitu kibadilishwe jina kwa kuwa kimenenepa.

Nilikuwa fundi wa nguo. Nikishona mabuibui, mapazia ya bibi harusi, na foronya za watu waliojua kuchagua. Siku moja akaja Athmani, kijana wa watu wa biashara ya vitambaa pale Malindi, ambaye alikuwa ameanza kituo chake cha michezo ya bahari ufukoni Kilifi. Alikuja na mfuko mgongoni.

"Shikamoo, Bi Rukia. Nina hema langu limechanika, naomba uniangalizie."

Nikalifungua barazani. Lile hema likafunika baraza, likafunika ngazi, likafunika na kuku wa jirani. Halikuwa na mlango wala nguzo. Mbele lilikuwa na mrija mrefu wa kitambaa uliopinda mfano wa mwezi mchanga, na ndani ya mrija mpira mwembamba wa kutiwa hewa.

"Athmani mwanangu," nikamwambia, "hili hema utalala upande gani?"

Akacheka mpaka akaketi. Kumbe alihofia nikijua ni kitu cha kurukia nitakataa kukishika. Nilikishika. Kitambaa ni kitambaa, na mpasuko ule ulikuwa umenyooka, ukiomba kushonwa. Nikaushona vizuri, mshono mdogo mdogo kama wa kanzu ya Idi, na kesho yake nikaenda nalo Kilifi mwenyewe ili nione sifa zangu.

Hapo ndipo nilipokutana na Kahindi. Alikuwa ameketi chini ya banda la makuti, mwanamume mrefu mwembamba wa Dabaso, fundi wa baiskeli, na beseni la maji mbele yake. Athmani alikuwa ametuita wote wawili bila kumwambia mmoja habari ya mwenziwe, na kila mmoja alikuwa ameahidiwa kuwa ndiye fundi. Kahindi akaichukua tiara yangu, akakata uzi mahali mpira ulipogoma kutoka, akautoa ndani ya mrija, akaujaza hewa na kuuzamisha kwenye beseni. Mapovu yakapanda. Yalipanda kwa mstari mmoja ulionyooka, kila povu na nafasi yake. Nilikuwa nimeushona mpira pamoja na kitambaa.

Kahindi akayatazama yale mapovu kwa heshima kubwa.

"Mama," akasema, "mshono wako ni mzuri. Hata hewa inatoka kwa adabu."

Nilitaka kurudi Takaungu saa ile ile. Badala yake nikamuuliza yeye angeziba vipi ule mpasuko wa kitambaa, akanionyesha: kiraka cha mpira wa baiskeli, kimebandikwa juu juu, kizito kama nini. Tiara ingeruka na kilema. Basi hapo tukawa tumeonana. Yeye anajua hewa, mimi najua nguo, na tiara ni nguo iliyomeza hewa. Tangu siku hiyo tukafanya kazi upande kwa upande na kugombana kila uchao, na sijapata mwalimu mwingine kama yeye.

Kahindi alinifunza kutafuta tundu kwa mdomo. Beseni ni zuri ukiwa karakanani, lakini ukiwa ufukoni maji yana mchanga na upepo unakuchezea mapovu. Unalowesha mdomo wa chini kwa ulimi, unaupitisha polepole juu ya mpira uliojazwa, bila kugusa. Hewa ikitoka hata kwa tundu la ncha ya sindano, mdomo utahisi baridi. Wageni wakituona hivyo walidhani tunabusu tiara zao, na kuna mmoja aliyeomba apigwe picha akibusu yake. Tukampiga.

Alinifunza pia kukata kiraka cha mviringo. Kona huinuka. Mchanga huingia chini ya kona, maji hufuata mchanga, na kiraka hubanduka kikianzia hapo. Kiraka kisicho na kona hakina mahali pa kuanzia ugomvi.

Na alinifunza chai. Hili ndilo kubwa, na ndilo mnalolipuuza. Ukishapaka gundi, ukabandika, ukakandamiza kwa mgongo wa kijiko kutoka katikati kwenda nje, usiguse tena. Usijaze hewa. Usijaribu kidogo uone. Unamiminiwa kikombe cha chai ya moto, unakinywa mpaka mwisho, na hairuhusiwi kukipuliza kipoe. Kikombe kikiisha, gundi imeshika. Kahindi hakuwa na saa na hakuitaka. "Gundi haihimizwi," akisema. "Wewe himiza chai ukitaka kuungua." Mimi mwanzo niliona ni uvivu wa kiume uliotafutiwa hoja. Lakini kiraka cha chai kilidumu msimu mzima, na kiraka cha haraka kilirudi kabla ya adhuhuri.

Ila kwa muda mrefu viraka vyangu vilibanduka hata kwa chai. Gundi ile ile, msasa ule ule, kijiko kile kile. Vya Kahindi vikikaa, vyangu vinakunjuka. Nikaanza kusema ni husuda. Kahindi akachukua kiraka changu kimoja kilichobanduka, akakipeleka puani, akafumba macho.

"Mama, hiki kinanukia wali."

Wali wa nazi, alikuwa na maana hiyo. Mimi, kama mama yangu na mama yake, kila asubuhi nilijipaka mafuta ya nazi nyweleni na kuyamalizia viganjani. Nikinawa, nikiona mikono safi, kumbe mafuta yamo. Na gundi na mafuta hawakai nyumba moja. Kuanzia siku hiyo ikawa sheria: kila anayeingia karakanani, awe fundi awe tajiri, anasimama mlangoni na kuulizwa neno moja, "Mikono?" Anaonyesha viganja. Ving'aavyo vinabaki nje.

Sheria ile nimeifuata miaka yote. Mikono yangu ikawa mikavu kama mkate wa juzi. Harusini dada zangu wakinishika wakisema, "Rukia, unashona au unapasua mawe?" Iliniuma, siwafichi. Mwanamke wa kwetu mikono yake husemwa kabla ya uso wake. Lakini nilikuwa nikiona tiara zangu zikipanda juu ya maji, za njano, za samawati, na ile mikono ikanipendeza kivyake.

Mengine ya kazi mnayajua, nayataja tu. Tiara iliyojazwa isiachwe juani, hewa itatanuka na gundi italainika, kisha mtamlaumu fundi. Zipu isuguliwe kwa mswaki kabla ya kufunguliwa, maana punje moja ya mchanga hula kitambaa kuliko papa. Nyuzi zinazomfunga mtu na tiara zitundikwe zote kwenye msumari mmoja na kuvutwa sawasawa kila mwisho wa juma, kwa sababu unaovutika zaidi ni ule wa upande ambao mgeni anaegemea, na mgeni atakwambia tiara yako ina wazimu. Mmoja aliniletea tundu aliloliziba kwa ubani wa kutafuna. Nikamuuliza ni wa ladha gani. Sikutaka kujua, lakini kuna maswali yanayosaidia mtu asitukane.

Magoti ya Kahindi yakachoka kabla yangu. Alirudi Dabaso, akaniachia beseni. Siku aliyoondoka hatukugombana hata kidogo, na hapo nikajua kweli anaondoka.

Aliyekuja baadaye ni Kadzo. Wengi wenu mnamjua kama mkubwa wenu, mimi namjua kama msichana wa Ganda aliyekuja kuosha tiara kwa maji baridi. Alitoka kwenye mahindi na mikorosho. Bahari aliiona mara chache, na aliiona kama mtu anavyoona nyumba ya jirani tajiri, kwa mbali. Kumbe jioni, wageni wakishaondoka, alikuwa akimwomba mwalimu mmoja amshikie zile tiara mbovu nilizokuwa nimezihukumu kutupwa. Nilimkuta siku moja amesimama kwenye ubao juu ya maji na tiara yangu yenye viraka vingi kuliko kitambaa, akipiga kelele za furaha peke yake. Nikalia. Nililia pale pale ufukoni na pini mdomoni.

Mama yake hakulia. Alikuja kutoka Ganda kutuuliza.

"Huyu kamba ya kufungia mbuzi imemshinda kujifunza," akatwambia, "leo yeye ndiye anafungwa kamba?"

Tulimketisha, tukamnywesha chai, tukampa heshima zake. Hakutukubalia na hakutukataza. Alisema tu, "Mkiniulia mtoto mtanijua." Ni maneno ya haki.

Sasa nije kwenye ile safari, maana ndiyo mnayoniuliza kila mara, na kila mtu anaisimulia kivyake.

Kila msimu wa kusi kituo chetu huwa na safari. Wageni wanaanza Kilifi, wanasukumwa na upepo kuelekea kaskazini, wanalala Watamu, wanalala Malindi, wanamaliza Mambrui. Pikapu inafuata kwa barabara na mikeka, chakula na mfuko wa ufundi. Kiongozi wa safari alikuwa akiletwa kutoka nje kila mwaka. Mwaka ule Kadzo akamwendea Athmani, akamwambia anaitaka kazi ile yeye.

Athmani si mtu mbaya. Alifikiri siku kadhaa, kisha akatujibu mbele ya wote.

"Kadzo anaijua bahari, nakubali. Lakini huko njiani hakuna karakana. Kiongozi tiara ikimfia lazima aifufue mwenyewe. Basi aongoze safari hii. Akiwafikisha wageni wote Mambrui kwa upepo kwa siku tatu, yeye pamoja nao, kazi ni yake miaka yote. Akipanda pikapu, hata hatua moja, namleta yule wa nje. Na Bi Rukia..."

"Labeka."

"Wewe utakwenda kama mpishi. Ukigusa tiara, mtihani umeharibika. Ukimwelekeza, umeharibika."

Niliapa. Nilikuwa tayari kuapa lolote ili niende.

Asubuhi ya kuondoka Kadzo alikuja na nywele zimesukwa upya, mistari myembamba, inang'aa. Mama yake alikuwa ameshinda siku nzima akimsuka na kumpaka mafuta. Hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa yake, hakujua kuisema kwa mdomo. Kadzo akaniambia, "Bi, mama amenisuka." Akafunga kilemba, akanawa mikono kwa sabuni mpaka viwiko, akanionyesha viganja bila kuulizwa.

Siku ya kwanza ilikuwa nzuri, ila mgeni mmoja alichana tiara yake kwenye mwamba karibu na Watamu, mpasuko wa kutisha. Kadzo akampa ile ya akiba. Alifanya sawa. Lakini tangu hapo hapakuwa na akiba.

Siku ya pili walishuka Mayungu kula chakula cha mchana. Mimi nilikuwa nimefika na pikapu, sufuria liko motoni. Nikaona tiara zote zimelazwa mchangani ziko imara, na ya Kadzo inalegea taratibu, mrija wa mbele unakunjika. Akaubinya, akausikiliza kwa mdomo, akainua kichwa.

"Vali," akasema.

Kitako cha vali, ule mdomo wa kujazia hewa, kilikuwa kimeachana na mpira, ile gundi ya kiwandani imechoka. Ni ugonjwa wa kawaida kwa tiara ya umri ule. Akautoa mpira wote, akaukunja, akauweka kichwani, akapanda nao mpaka kwenye kivuli cha mivinje ambako hapana mchanga unaoruka. Alifanya kazi vizuri. Akapiga msasa, akapaka gundi, akabandika, akakandamiza. Akangoja. Kitako kikanyanyuka upande mmoja kama mtu anayechungulia.

Akarudia. Kikanyanyuka tena.

Mimi pale kwenye sufuria nilikuwa nikikoroga wali ambao haukorogwi. Sikujua kosa liko wapi, nawaambieni kweli. Mikono yake ilikuwa mikavu, niliiona. Gundi ilikuwa mpya. Nilitafuta kichwani kila ugonjwa niliowahi kuutibu na sikuuona huu. Bahari nayo ilikuwa ikianza kupwa. Maji yakishuka sana miamba hujitokeza na hapatoki mtu mpaka kesho, na ile kesho haikuwa katika sharti. Athmani, ambaye alikuja nasi kwa pikapu ili ashuhudie mtihani wake, alikuwa amesimama kando na mikono nyuma. Dereva wa pikapu alikuwa ameshafungua mlango wa nyuma, maskini, kwa wema tu.

Kadzo akaikamua chupa ya gundi. Ilikuwa imebaki ya mara moja.

Akaketi. Kisha akaunyanyua ule mpira, akauvuta karibu na uso, na nikamwona anafumba macho kama alivyofumba Kahindi.

"Unanukia kwa mama," akasema.

Akavua kilemba. Kilikuwa kimelowa mafuta chapa chapa, jua la siku mbili limeyayeyusha yakapita kitambaani. Na mpira aliubeba kichwani. Jamani, sote tulimwona akiubeba, na hakuna aliyeona kitu. Kwetu kumwona mwanamke amebeba mzigo kichwani ni sawa na kumwona mtu akitembea kwa miguu. Mtu wa nje angeubeba kwapani na kiraka kingekaa. Mikono yake tuliikagua, kichwa chake nani angekikagua?

Kujua ni nusu ya tiba. Sabuni ilikuwapo, lakini sabuni haimalizi mafuta ya nazi kwenye mpira laini, na spiriti ya kusafishia Kadzo alikuwa ameimaliza Watamu akijaribu bure kuitibu ile tiara iliyochanika. Kadzo akasimama, akamgeukia Athmani.

"Bwana Athmani, mpishi hutumwa?"

Athmani akafikiri. "Mpishi hutumwa," akasema.

"Bi Rukia, tafadhali sana," Kadzo akaniambia kwa adabu zake zote, "nyuma ya ile minazi kuna nyumba ya mama mmoja anapika chang'aa. Mwambie akupe ile ya kwanza kutoka, inayoshika moto. Chupa moja."

Wageni hawakuelewa. Dereva alielewa, akageuka kutazama bahari, mabega yanamtikisika. Mimi ni Rukia binti Omari wa Takaungu, nimesomesha watoto Kurani barazani kwangu. Nikavuta buibui yangu, nikaenda.

Yule mama alikuwa amekaa juu ya kibao anakuna nazi. Aliniangalia kutoka kichwani hadi miguuni.

"Bi, umepotea njia?"

"Sikupotea. Nataka chang'aa ya kwanza, chupa moja. Ni ya kusafishia mpira."

"Eee," akasema. "Wengine huniambia ni ya jino."

Hata hivyo alinihurumia, akanifungia chupa kwenye gazeti. Njiani nilikutana na watu watatu na wote walinisalimu kwa heshima isiyo ya kawaida. Shemeji yangu wa Takaungu habari zilimfikia kabla sijarudi nyumbani, na mpaka leo nikikohoa ananiuliza kama nimepata dawa.

Kadzo akaosha mpira kwa sabuni, akausuuza, akamimina chang'aa kwenye kitambaa safi na kusugua, akageuza upande, akasugua tena. Akauacha ukauke kivulini, akaunusa. Akapaka gundi yote iliyobaki, nyembamba, akaigusa kwa mgongo wa kidole mpaka haikuvuta. Akabandika kitako.

"Mpishi, kijiko."

Nikampa kijiko. Akakandamiza kutoka katikati kwenda nje, polepole, akazunguka ukingo wote. Kisha akakiweka chini, akaondoa mikono yake yote miwili, na akasema neno ambalo sikulitarajia, ingawa nilimfunza mimi.

"Mpishi, chai."

Athmani akatazama maji. Mgeni mmoja akatazama maji. Mimi mwenyewe nikayatazama, na miamba ya mbali ilikuwa imeanza kuonyesha migongo. Nilitaka kupiga kelele, nimwambie acha chai leo, jaza hewa mwanangu, nenda! Nilijiuma ulimi. Nilikuwa nimeapa, na hata nisingeapa, ningekuwa nimekosea.

Nikawamiminia watu wote chai. Kadzo akaketi mkekani na kikombe chake, mgongo umenyooka, akaanza kunywa. Mgeni jirani yake akapuliza kikombe. Kadzo akamtikisia kidole.

"Hairuhusiwi," akamwambia. "Ni sehemu ya kazi."

Yule mgeni akaacha. Wote wakaacha. Wakanywa chai ya moto kwa mikupuo midogo huku macho yamewatoka, na hakuna aliyenong'ona. Hapo nikajua tayari ni kiongozi. Nilijua kabla ya Athmani, kabla ya bahari. Watu wazima waliokuja kutoka mbali wamekaa kimya wakiungua ndimi kwa sababu msichana wa Ganda amesema gundi haihimizwi!

Alipomaliza alipindua kikombe kuonyesha kimekwisha. Akaurudisha mpira katika mrija, safari hii ameukumbatia kifuani juu ya khanga safi. Akajaza hewa. Mrija ukasimama, ukawa mgumu, ukilia ukigongwa kwa kidole. Akalowesha mdomo, akaupitisha juu ya vali, huku na huku. Akatikisa kichwa: hakuna baridi.

Walitoka kwenye mlango wa miamba maji yakiwa ya kiuno. Tiara zikapanda moja moja, na ya mwisho kabisa, nyuma ya wote kama mchungaji, ilikuwa ile ya viraka.

Wakalala Malindi. Siku ya tatu mimi na pikapu tuliwahi Mambrui mapema, na pale ufukoni nikamkuta mwanamke amesimama peke yake na mwavuli. Mama yake Kadzo. Alikuwa hajawahi kumwona bintiye juu ya maji hata siku moja.

"Wako wapi?" akaniuliza, hata salamu hakunipa.

Nikamnyooshea kidole. Kwa mbali zilionekana rangi tu angani. Zikaja, zikakua, wageni wakaanza kuteleza mchangani mmoja baada ya mwingine, wakicheka. Nikazihesabu. Zote zilishuka, na bado moja. Kisha akaja, mbali kidogo kule nje, amelala mgongo juu ya upepo, kilemba hana, mistari ya nywele inang'aa jua likiipiga. Alipotuona akaruka. Akapanda juu hewani, juu ya kichwa cha wimbi, akakaa huko kwa muda ambao mama yake hakupumua, akashuka taratibu.

"Yule ni wangu?" mama akaniuliza.

"Ni wako."

Akautupa mwavuli. Nimesikia vigelegele vya harusi nyingi maishani mwangu, vingine nimevipiga mimi, lakini kile cha mama Kadzo kiliwatoa watu majumbani. Nami nikakipokea. Tulipiga vigelegele mpaka sauti zikatukauka, wazee wawili tumeshikana mikono, mikono yake ya jembe na yangu ya msasa.

Athmani alingoja Kadzo atue. Kisha akamwendea, akamvulia kofia, yeye ambaye kofia yake hatukuwahi kuiona inatoka.

"Msimu ujao," akamwambia, "uniambie unataka wageni wangapi."

Hayo ndiyo yaliyotokea. Kitako kile cha vali bado kinashika mpaka leo, kachungulieni.

Mimi nimepumzika. Siku hizi asubuhi natia mafuta ya nazi viganjani, najipaka mpaka viwiko, napaka tena kwa kuwa napenda. Dada zangu wameacha kunisema. Juma lililopita nilikuja Kilifi kuwasalimu, hamkuniona wengine. Nilifika mlangoni mwa karakana, nikasikia cherehani yangu inalia ndani, na mguu wangu ukatangulia wenyewe kuingia. Kadzo akanyanyuka, akaja akasimama mlangoni.

"Shikamoo, Bi Rukia."

"Marahaba, mwanangu."

Hakunipisha. Aliniangalia usoni kwa mapenzi yote, akasema, "Mikono?"

Nikaitoa. Iling'aa yote miwili.

"Samahani sana, mama," akasema. "Basi keti hapo nje, nikuletee chai."

Nikaketi nje. Sikuipuliza.